Uso, kisa au vitu: kuchagua namna ya kupiga video ya wimbo wa kuachwa ukiwa Bagamoyo

Anayempelekea mwongozaji wimbo wa kuachwa mara nyingi huwa na picha za ubeti wa kwanza tayari kichwani: mvua dirishani, simu isiyopokelewa, kitanda chenye mto mmoja. Ukimuuliza ubeti wa mwisho unaonekanaje, husema, "Pale anakuwa sawa." Vichupa vingi huharibikia hapo. Unapewa dakika 3 za kilio kilichopangwa vizuri, kisha sekunde 20 za mtu anatabasamu ufukweni, na hujaonyeshwa kilichombadilisha.

Kwa hiyo ulinganisho huu unaanzia mwisho wa wimbo. Namna za kupiga ziko tatu: kumweka mwimbaji na uso wake mbele ya kamera, kuigiza kisa, au kuviachia vitu na mahali viseme. Zote tatu huonyesha maumivu bila taabu. Zinapotofautiana ni kwenye kupona, halafu kwenye gharama na makosa. Mji tunaouzungumzia ni Bagamoyo, kama kilomita 70 kutoka Dar es Salaam, wenye kuta za mawe ya matumbawe, milango ya nakshi na bahari inayokupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Mambo hayo matatu yana kazi huko chini.

Uso

Hii ndiyo nafuu kwa fedha na ngumu kwa mwimbaji. Watu 4 wanatosha: mwimbaji, mpiga kamera, wa mwanga na wa kucheza muziki. Nusu siku inatosha pia. Mfano wake mashuhuri ni video ya Sinéad O'Connor ya wimbo "Nothing Compares 2 U", ya mwaka 1990 iliyoongozwa na John Maybury: sweta nyeusi ya shingo ndefu, nyuma kweusi, uso umejaa fremu, machozi yanashuka. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba machozi yale yalimjia kwa kumkumbuka mama yake. Hapo kuna somo la kazi. Usimlazimishe mwimbaji amfikirie aliyemwacha; mwache alie kwa lake, kamera haitajua tofauti. Na video ile haikukaa usoni mwanzo hadi mwisho. Ina vipande vya kutembea katika bustani ya Saint-Cloud karibu na Paris, navyo humpa mtazamaji pa kuvuta pumzi. Anayetaka kuiga uso mtupu bila vipande vya namna hiyo ajipime kwanza, maana dakika 3 na nusu ni ndefu.

Kwa mwanga, Mji Mkongwe wa Bagamoyo umekurahisishia. Tafuta mlango unaotazama ukuta mweupe uliopigwa na jua ng'ambo ya mtaa. Jua lisiingie mlangoni. Ukuta ule ndio taa yako. Kati ya saa 3 na saa 4 na nusu asubuhi mwanga wake ni laini na hautembei haraka. Mweke mwimbaji hatua 2 ndani ya kizingiti, nyuma yake pabaki giza la nyumba angalau mita 3. Lenzi ya milimita 85, au 50 kama chumba ni kidogo. Usifungue tundu la lenzi hadi mwisho kwa kupenda ukungu wa nyuma: kwenye f/1.4 mwimbaji akivuta pumzi tu jicho linatoka kwenye fokasi. Kaa f/2.8 hadi f/4.

Kosa linalorudiwa sana ni kuiachia kamera ijipangie mwanga yenyewe. Ikiona ukuta wa chokaa nyuma ya mwimbaji mweusi, hupunguza mwanga wa picha yote, na uso unakuwa kivuli. Pima kwenye shavu, weka kwa mkono, ukuta ukizidi weupe uache uzidi. Kosa la pili ni la rangi: watu husikia "huzuni" wakaimwagia picha nzima ubuluu. Ngozi nyeusi ikipakwa buluu hufanana na iliyopakwa majivu, mtu anaonekana mgonjwa. Ubuluu uweke kwenye nguo au kwenye ukuta uliopakwa rangi hiyo, ngozi ibaki na rangi yake.

Machozi ya bandia: matone ya gliserini iliyochanganywa na maji kidogo, yanawekwa kwa kidonezi chini ya kope la chini, wala si ndani ya jicho. Hushuka polepole na kung'aa. Kitunguu kinaleta chozi la kweli, ila kinaleta na wekundu pamoja na makamasi, na baada ya mara 3 uso umevimba na huwezi tena kupiga kipande cha kupona siku hiyo.

Mwendo wa pole unaipenda namna hii, lakini midomo lazima ifuate wimbo. Ukipiga fremu 50 kwa sekunde kisha ukazicheza 25, muziki wa kuimbia uwanjani lazima uchezwe kwa kasi mara 2. Kiitikio chenye maneno machache kinawezekana. Ubeti wenye maneno mengi unageuka mashindano ya kukimbia na uso unakaza. Sisi tunapendelea fremu 30 zichezwe 25. Wimbo unachezwa kwa kasi ya asilimia 120, mwimbaji anaumudu, na mwendo unapoa kidogo tu, kiasi kwamba mtazamaji anahisi uzito bila kujua umetoka wapi. Kama ndani kuna taa za umeme, shata iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50. Ukitumia 1/60 picha inaweza kupepesa.

Sasa kupona. Uso hauna tukio, kwa hiyo badiliko liletwe na kitu kimoja kinachoonekana. Milango ya nakshi ya pwani ina mbao mbili zinazokutana kwenye mfaa, ule mhimili wa katikati. Anza na ubao mmoja wazi: mwanga unapiga upande mmoja wa uso, wa pili umo gizani. Kiitikio cha mwisho kinapoanza, msaidizi afungue ubao wa pili, taratibu, kwa mapigo 8. Uso unajaa mwanga mbele ya macho ya mtazamaji, na mwimbaji hakuhitaji kutabasamu. Akiwa muda wote alitazama pembeni, hapo ndipo aangalie lenzi. Fanya mazoezi bila kamera kwanza, maana milango hii ni mizito na baadhi bawaba zake ni za kale. Mwenye nyumba akisema ubao usiguswe, usiguse, hamia mlango mwingine.

Usivuke mara 8 za kupiga wimbo mzima. Baada ya hapo macho yamechoka na unachopata ni uchovu, nao kwenye kamera haufanani na huzuni.

Kisa

Kisa ndicho kinachochaguliwa na wengi, na ndicho kinachokula fedha. Wimbo wa dakika 3 na nusu una sekunde 210. Mkato ukija kila sekunde 3 unahitaji picha 70. Kwa timu ya watu 8 hadi 12, picha 35 kwa siku ni mwendo mzuri, hivyo hesabu siku 2, lokesheni zisizozidi 4, na waigizaji 3: aliyeachwa, aliyeondoka, na mtu wa tatu ambaye si lazima awe mpenzi mpya. Mara nyingi anayefaa kuwa wa tatu ni shoga, dada au mama.

Waigizaji Bagamoyo si wa kutafuta kwa tochi. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapa mwaka 1981, nacho ndicho TaSUBa ya leo, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Waliosomea jukwaa wanajua kusimama kimya na bado wakasema jambo, ndilo hasa linalotakiwa kwenye video. Waombe tu wapunguze: ishara ya jukwaani imepimwa kwa mtu aliyekaa mita 15, kamera iko mita 2.

Ugonjwa wa kisa ni matukio mengi. Simu ikasomwa, kofi, sanduku, gari, mvua, hospitali; wimbo umekwisha na mtazamaji alikuwa anafuata sinema, hakusikia neno. Chagua tukio 1 la kuachwa na 1 la kupona, vingine viwe maisha ya kawaida katikati. Kofi tunashauri liondolewe kabisa. Linabadilisha habari kutoka kuachwa kuwa kupigwa, na huo ni wimbo mwingine.

Ugonjwa wa pili ni kumbukumbu zisizotofautishika. Kuchuja rangi peke yake hakutoshi, hasa kwenye kioo cha simu juani. Tofautisha kwa nywele. Zamani amesuka, sasa amefumua, mwisho amenyoa au amesuka upya. Hii inabana ratiba: kusuka huchukua muda wa saa 3 hadi 5, kunyoa hakurudi nyuma. Piga mapenzi kwanza, maumivu jioni ya siku ya kwanza watu wakiwa wamechoka kweli, na kupona asubuhi ya pili baada ya usingizi. Usipige kupona saa 11 jioni ya siku ya mwisho, eti mwanga ni mzuri. Mwanga utakuwa mzuri, mwimbaji hatakuwepo.

Kuna wanaotaka kisa kirudi nyuma, kutoka kilio hadi mapenzi. Bendi ya Coldplay ilifanya hivyo mwaka 2002 kwenye "The Scientist", chini ya mwongozaji Jamie Thraves, na mwimbaji wao Chris Martin alilazimika kujifunza kuimba maneno kinyumenyume ili midomo ifuate. Kwa Kiswahili kazi ina ugumu wake. Silabi zetu huishia kwa irabu, zikigeuzwa zinaanza nayo: "moyo" inakuwa "oyom", na midomo inafunga mwisho badala ya mwanzo. Usiandike kwenye karatasi. Geuza sauti yenyewe, mwimbaji ajifunze kwa sikio, kiitikio tu. Na chunga nyuma: mtu anayetembea, moshi na mawimbi vyote vitarudi kinyumenyume.

Kwenye kupona, kisa kina mtego mmoja mkubwa: kulipiza kisasi kunachukuliwa kuwa ndiko kupona. Gari jipya, mchumba mpya, yule wa zamani anachungulia kwa majuto. Mtu ambaye bado anataka aonekane na aliyemwacha hajapona. Isipokuwa wimbo wenyewe ni wa mipasho. Hapo mambo hugeuka, kwa sababu mipasho ina mlengwa na inataka hadhara: weka ukumbi, wanawake waliovaa sare, watu wanaotunza fedha, na mwimbaji aimbe akimtazama mtu fulani. Pwani hii, Tanga kwa vikundi vyake vya taarabu, Black Star na Lucky Star, hadi Unguja, inaujua ushindi wa namna hiyo, na ni ushindi halali. Ila usiuchanganye na wimbo wa kilio cha chumbani. Mtazamaji wa pwani anaona mshono mara moja.

Vitu na mahali

Namna ya tatu haina waigizaji wengi wala machozi. Inahitaji siku nyingi za maandalizi na chache za kupiga, na inahitaji mtu anayejua vitu hivyo maana yake nini kwa watu wa hapa. Ukikosea kitu, umesema usichokusudia.

Chukua kanga. Kisutu, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, ni kanga ya harusi; ukimvika aliyeachwa kwa sababu "rangi zinatoka vizuri", umemwoza. Mwanamke aliyejitanda nyeupe tupu, amejikalia ndani, anasomeka yuko kwenye eda ya kufiwa, ile ya miezi 4 na siku 10. Watu watauliza nani amekufa. Kwa kuachwa, jina la kanga ndilo lenye kazi. "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu" ikipepea kwenye kamba sekunde 4 imemaliza ubeti. Kipimo cha muda: isome kwa sauti mara 2, ndio urefu wa picha. Kanga mpya ina wanga, haipepei; ifue mara 2 kabla. Wakati wa kuhariri usigeuze picha kulia kushoto, maandishi yatasomeka kinyume. Na kupona kumo kwenye doti yenyewe: ina vipande viwili. Mwanzo vyote viwili viko kwake, kimoja amejifunga, kingine kimekunjwa hakina mtu. Mwisho kile cha pili amekivaa shoga yake, wamekaa kibarazani wanachambua mchele. Hakuna mwanamume kwenye fremu, na mwanamke yeyote wa pwani anaelewa.

Kitu tunachokipenda kuliko vyote ni hina ya kucha. Ya kiganjani hufifia wiki 2 au 3. Ya kwenye ukucha haifutiki, inasubiri ukucha ukue, nao hukua kama milimita 3 kwa mwezi. Ukucha wa milimita 12 uliopakwa mara ya mwisho kabla tu ya talaka, baada ya miezi 2 una rangi nusu. Eda ya talaka ni twahara tatu, takriban miezi 3. Ikiisha, rangi imebaki ncha tu. Hakuna kalenda ya ukutani itakayoonyesha muda vizuri hivyo. Na picha ya mwisho ni kikatio cha kucha: kipande cha mwisho cha rangi ya chungwa kinaanguka kwenye sakafu.

Huwezi kusubiri miezi 3, kwa hiyo iandae. Siku 2 kabla ya kupiga, funika shina la ukucha kwa rangi ya kucha isiyo na rangi, acha dakika 15 ikauke, kisha weka hina kwenye ncha na uiache saa 3 hadi 4. Ioshe, ondoa kile cha kufunika kwa asetoni, hina itabaki. Mstari wa mpaka wa rangi uchore kwa kufuata mpindo wa shina, kama mwezi mchanga. Ukiuchora mnyoofu unafanana na urembo wa saluni. Vidole visilingane: cha kati hukua upesi, gumba polepole, basi cha kati kibaki na rangi kidogo kuliko vingine. Tumia hina ya majani, usitumie piko, ile nyeusi, ambayo huunguza ngozi za wengine. Kwa picha ya karibu tumia lenzi ya makro ya milimita 100, mkono ulale juu ya meza, usishikwe hewani.

Halafu bahari. Kosa la kwanza la wageni ni kupanga jua lizame baharini. Ufukwe wa Bagamoyo unatazama mashariki: jua linachomoza majini na linazama nyuma ya mji. Wapo wanaopiga macheo na kuyageuza yawe machweo. Mawimbi yanarudi nyuma na kila mvuvi anacheka. Lipokee lilivyo. Jua la baharini hapa ni la kupona, si la kuagana.

Maji yakipwa, mashua zilizoko karibu na soko la samaki na magofu ya forodha hulala ubavu juu ya mchanga. Yakijaa, zinainuka zenyewe, hakuna aliyezigusa. Weka kamera kwenye stendi, fremu isiguswe, piga picha 1 kila sekunde 30 kwa saa 6: unapata picha 720, zikichezwa 25 kwa sekunde ni karibu sekunde 29. Zipunguze ziwe sekunde 12 na umepata daraja lote la wimbo, yaani kile kipande kabla ya kiitikio cha mwisho. Siku za bamvua, mwezi mpya na mwezi mpevu, maji hukupwa karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 jioni, na tofauti ndiyo kubwa. Ukitaka maji yamejaa wakati wa macheo, nenda siku 2 au 3 baada ya bamvua, kwa sababu hali ya maji husogea kama dakika 50 kila siku. Thibitisha kwenye jedwali la bandari ya Dar es Salaam. Stendi isimame juu ya mstari wa mwani mkavu ulioachwa na maji ya mwisho, vinginevyo saa ya 5 utakuwa unaokoa kamera. Patana na mwenye chombo kabla, maana akikihamisha katikati kazi imekwisha. Chumvi ikirukia lenzi, usifute kwa nguo kavu. Lowanisha kitambaa laini kwa maji yasiyo na chumvi kwanza.

Kaole, magofu yaliyo karibu na mji yenye misikiti miwili ya kale na makaburi ya minara, huwavutia wengi. Kwa wimbo huu tunashauri uiache. Makaburi husema kifo, na wapo watu wanaopaheshimu kwa dua.

Ipi sasa?

Chukua karatasi, andika mstari wa mwisho wa wimbo, kisha tafuta kitenzi chake. Kama ni *najua*, *nimeelewa*, *nimesamehe*, kupona kumo ndani ya mtu: chagua uso. Kama ni *nimeondoka*, *nimekutana*, *nimerudi nyumbani*, kuna tendo na kuna wengine: chagua kisa, ukubali gharama zake. Kama ni *imepita*, *yameisha*, *siku zimekwenda*, mponyaji ni muda, na muda hauigiziki vizuri usoni wala kwa mkato. Hapo ni vitu, hina na maji. Bajeti ikiwa ndogo na kitenzi ni cha kisa, usipige kisa cha bei ya chini chenye picha 25 zilizonyooshwa. Bora uso wenye vipande 5 vya vitu katikati. Kwa mwimbaji asiyezoea kamera fanya kinyume: vitu viwe vingi, uso aonekane kwenye viitikio tu.

Kwa vyote vitatu, kibali cha Bodi ya Filamu, barua kwa wasimamizi wa jengo la kale, taarifa kwa serikali ya mtaa, na kwa droni ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Wavuvi waombwe kabla ya kupigwa, wala si baada.

Video ikishahaririwa, mwonyeshe mtu asiyeujua wimbo, bila sauti, kwenye simu. Mwambie ainue mkono pale anapoona mhusika amepona. Akiinua kwenye sekunde uliyokusudia, au 5 hivi pembeni, imekaa. Akiinua mapema, umetabasamisha mtu kabla ya wakati; kata tabasamu. Asipoinua kabisa, usiongeze picha mwishoni. Rudi katikati ya video, tafuta pale badiliko lilipotakiwa kuanza, na mara nyingi utakuta ni ubao wa pili wa mlango uliofunguliwa haraka mno, au ukucha uliopita sekunde 1 kabla jicho halijaukamata.